Rahisi ni ghali: Duka la elektroniki mtandaoni huanza na msambazaji wa kuaminika

KARABAI zilizokuwa ziking'arisha usiku wa wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria zinazidi kuachia nafasi taa za betri na za umeme wa jua. Mkulima wa pamba anataka simu ya kupokelea fedha zake. Muuza samaki anahitaji chaja imara, na kijana wa bodaboda anatafuta spika ndogo ya kufunga kwenye pikipiki.

Kwa mji mdogo kama Kibara, wilayani Bunda, hilo ni soko. Barabara ya kutoka Bunda kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe, inapita hapo. Kijana mwenye simu ya kisasa anaweza kutangaza bidhaa kwa WhatsApp, Facebook au Instagram na kupata wateja wa Bunda mjini, Kisorya na hata visiwani, bila kulipa pango la fremu.

Kutangaza si kazi ngumu. Ugumu upo kwenye swali moja: mzigo atautoa wapi? Wengi hulijibu kwa kutafuta mwenye bei ndogo kuliko wote. Mfanyabiashara makini hujiuliza kwanza: kifaa kikiharibika, nitamrudia nani?

Hesabu ya bei ndogo

Tuchukue mfano. Umenunua chaja 100 kwa mtu uliyemwona mtandaoni kwa Sh4,500 kila moja, na usafiri ukawa Sh15,000. Umetumia Sh465,000. Unaziuza kwa Sh7,000, lakini 20 zinakufa ndani ya wiki moja na unalazimika kuwarudishia wateja fedha zao, huku muuzaji hapokei tena simu. Mauzo yako ya chaja 80 ni Sh560,000. Faida ni Sh95,000.

Sasa chukua msambazaji wa pili. Anauza Sh5,200, usafiri ni Sh10,000, nawe unatumia Sh530,000. Chaja tano zinaharibika, anakubadilishia, na unaongeza Sh5,000 za kuzisafirisha. Unauza zote 100 na kupata Sh700,000. Faida ni Sh165,000.

Aliyeonekana ghali amekuachia Sh70,000 zaidi. Tena hapo hatujahesabu wale wateja 20 waliokwishakuita tapeli. Katika mji ambao watu wanajuana, sifa hiyo husambaa haraka kuliko tangazo lolote. Na kwa aliyepata mtaji wake kwa mauzo ya pamba ya msimu mmoja, katoni moja ya bidhaa feki inaweza kumrudisha shambani mikono mitupu.

Anzia unakoweza kufika

Kwa anayeanza akiwa Kibara, Mwanza ni mahali pazuri pa kuanzia. Bei huenda ikawa juu kidogo kuliko ya Dar es Salaam, lakini unaweza kwenda, kushika bidhaa, kuijaribu na kurudi nayo ikiwa mbovu. Anza na aina chache zinazotoka haraka: chaja, nyaya, betri, memori kadi na taa za sola.

Mtaji ukikua, hatua inayofuata ni Kariakoo, soko linalowavuta wafanyabiashara wa mikoani na hata wa Congo, Zambia na Malawi. Mtaa wa Aggrey na mitaa inayouzunguka inajulikana kwa simu na vifaa vyake. Huko jihadhari na jambo moja: si kila anayejitangaza kuwa muuzaji wa jumla ana duka. Wengi ni mawinga, yaani watu wanaochukua bidhaa kwenye duka la mwingine na kuweka cha juu. Winga si lazima awe mwizi, lakini bei yake si ya jumla, na kifaa kikiharibika hana rafu ya kukubadilishia.

Kwa hiyo safari ya kwanza nenda mwenyewe. Ingia dukani, chukua kadi, namba ya simu na risiti. Safari zinazofuata unaweza kuagiza ukiwa nyumbani na mzigo ukatumwa kwa basi hadi Bunda. Hakikisha stakabadhi ya kifurushi inataja idadi na thamani ya vilivyomo, na upige picha mzigo unapofunguliwa.

Je, mpakani Sirari?

Wakazi wa Mara wako karibu na Kenya, na wengine huvutiwa na maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi. Ipo dhana kwamba mfanyabiashara mdogo hupitisha bure chochote chenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Si kweli. Utaratibu huo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Spika iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala ghalani Nairobi. Piga hesabu ya kodi kabla ya kuvuka, ikiwamo VAT ya asilimia 18.

Epuka pia simu zilizotumika zisizo na maelezo. Zipo zilizokopeshwa wateja kwa malipo ya kidogo kidogo, na kampuni huzifunga kwa mbali mkopo usipolipwa. Anayebaki na kopo mkononi ni mteja wako.

China na Dubai

Kuagiza Guangzhou, Shenzhen au Dubai kunawezekana hata kwa mdogo, kwa kuwa wapo mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja na kutoza kwa ujazo. Lakini kiwanda huweka kiwango cha chini cha oda, mzigo wa meli huchukua wiki kadhaa, na viwanda vya China husimama wakati wa mwaka mpya wao, kati ya Januari na Februari. Betri na pawabenki zina masharti magumu kwenye ndege. Bidhaa nyingi pia zinatakiwa kukaguliwa ubora kabla ya kusafirishwa, chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ulioanza mwaka 2012.

Usitume fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu binafsi. Tumia malipo yanayoshikiliwa na jukwaa la biashara hadi mzigo ufike. Agiza sampuli kwanza.

Mkague kabla hajakukagua

Msambazaji wa kweli haogopi maswali. Muulize TIN na usajili wake, na kama ni kampuni, hakikisha Brela. Dai risiti ya EFD. Ndiyo ushahidi wako kwa TRA na ndiyo silaha yako ukidai kubadilishiwa. Elewaneni kwa maandishi juu ya waranti: siku ngapi, kwa kasoro zipi, na nani analipa usafiri.

Kwa simu, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwenda 15090 kuona kama inalingana na aina ya simu uliyoishika. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima, na kuanzia hapo simu ya namna hiyo dukani ikawa si mali tena. Kumbuka pia kwamba anayeuza simu anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, mbali na leseni ya biashara.

Usiweke mayai kapu moja

Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, wakilalamikia masuala ya kodi. Jumia, lililokuwa jukwaa kubwa la mauzo mtandaoni, liliondoka Tanzania Novemba 2019. Mwenye msambazaji mmoja na njia moja ya kuuzia hukwama siku hiyo hiyo. Kuwa na wawili kwa kila bidhaa muhimu, hata kama wa pili unanunua kwake kidogo.

Mwisho ni daftari. Andika kila mzigo umetoka kwa nani, kwa bei gani, na vingapi vilirudi vikiwa vibovu. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuonyesha msambazaji wa kubaki naye na wa kumuacha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.