Bapa la Mshusho katika Mchezo wa Gofu

Mfasiri wa maelezo ya mchezo wa gofu hukutana na dhana moja inayochanganywa mara kwa mara: uso wa kufikirika ambamo fimbo huzunguka inapopandishwa na kushushwa. Wapo wanaouita "njia", na hapo ndipo kosa linapoanza. Njia ni uelekeo wa kichwa cha fimbo kinapougonga mpira. Uso huo ni mwinamo wa mzunguko mzima. Mwanafunzi akiambiwa arekebishe njia, ilhali kosa limo katika mwinamo, atahangaika bure.

Tunapendekeza neno bapa, ambalo walimu wa hisabati wamekwisha kulizoea katika maumbo bapa. Kitendo cha kupandisha fimbo tukiite mpandisho, na cha kuishusha mshusho.

Mkulima wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, anaijua dhana hii kwa mikono yake. Anapoinua jembe na kulishusha, jembe hupita katika bapa lililokaribia wima. Anapofyeka nyasi kwa fyekeo, bapa hulala karibu sawa na ardhi. Fimbo ya gofu, inayochezwa jirani katika viwanja vya Gymkhana mjini Morogoro, hupita kati ya hayo mawili. Urefu wa fimbo nao huamua: mpini wa fimbo fupi husimama kwa pembe ya takriban nyuzi 64, na wa fimbo ndefu kabisa chini ya nyuzi 60. Kwa hiyo fimbo ndefu hulaza bapa.

Katika mshusho mchezaji ana hiari tatu:

(a) Bapa lile lile: fimbo hurudi katika bapa la mpandisho.

(b) Bapa lililolazwa: fimbo hushuka katika bapa lililoinama zaidi, nayo huufikia mpira kutoka upande wa ndani. Ikizidi, mpira husukumwa kulia au hupinda sana kushoto.

(c) Bapa lililosimamishwa: mabega hutangulia, fimbo hushuka kama jembe na kuukata mpira kutoka nje kuja ndani. Uso wa fimbo ukielekea kulia kwa njia hiyo, mpira hupinda kulia.

Matokeo haya ni ya mchezaji atumiaye mkono wa kulia.

Mwaka 1957 Ben Hogan wa Marekani alilifananisha bapa na kioo kikubwa kilichoegemezwa mabegani kutoka mpirani, akaeleza kuwa bapa la mshusho limelala kuliko la mpandisho. Mwaka 1969 Homer Kelley aliyaita mabapa kwa viungo vya mwili. Kwa mfano wake tunaweza kusema bapa la kiwiko na bapa la bega.

Istilahi njema humwezesha mwanafunzi kuliona kosa lake kabla ya kulirekebisha. Basi bapa libaki bapa, na njia ibaki njia.