Mkono wa Salamu na Tezi ya Shingo

Katika mtaa kama Gongoni, mjini Tabora, uchunguzi wa kwanza hufanyika kabla ya kifaa chochote kutolewa: mhudumu na mgonjwa hupeana mkono. Mkono mmoja ni wa moto na umelowa jasho. Mwingine ni baridi na mkavu hata jua la mchana likiwaka. Tofauti hiyo yaweza kutokana na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, chini ya kongomeo.

Tezi hiyo hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nishati. Homoni zikizidi, mwili huzalisha joto jingi. Mishipa midogo ya ngozi hutanuka, damu hujaa humo ili joto litoke, na jasho hutiririka. Moyo nao husukuma damu nyingi zaidi, ndiyo maana mgonjwa hulalamikia mapigo ya haraka na hukonda ilhali anakula. Homoni zikipungua, joto huwa dogo na mishipa ya ngozi hujibana kulihifadhi. Ngozi hupoa, hukauka na kupauka. Uso huweza kuvimba, lakini ukiubonyeza hapabaki shimo.

Juu ya ngozi nyeusi, wekundu na mpauko havionekani kwa urahisi. Kwa hiyo tuguse, tusitazame tu. Mwenye mkono wa moto huweza kutibiwa malaria tena na tena ingawa kipimo hakioneshi vimelea. Mwenye mkono wa baridi huweza kupewa vidonge vya kuongeza damu miezi mingi pasipo nafuu. Mkono peke yake hauthibitishi ugonjwa, kwani upungufu wa damu nao huupoza. Hata hivyo hutukumbusha kupapasa shingo, kuhesabu mapigo na kuomba kipimo cha damu cha TSH. Dawa zipo, kuchelewa huweza kuudhoofisha moyo.

Kinga nayo imo jikoni. Zamani misafara ya Tabora na Ujiji ilibeba chumvi ya Uvinza. Leo chumvi yapasa iongezwe madini joto, ambayo tezi huyahitaji ili itengeneze homoni. Katika miaka ya 1980, takriban robo ya Watanzania walikadiriwa kuwa na rovu. Kufikia mwaka 2004, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea, kiwango kilishuka hadi asilimia 7 hivi. Chumvi hiyo ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Nawe mgonjwa uliyeanzishiwa dawa, usiziache kwa sababu tu mkono umerudi hali yake. Rudi kwanza ukapimwe.