Chumvi Yenye Iodini na Mama Anyonyeshaye

Mtu anunuapo pakiti ya chumvi dukani, aghalabu huona imeandikwa kwamba chumvi hiyo imetiwa iodini. Wengi hupita bila kuuliza maana yake. Walakini neno hilo lamhusu kila mtu nyumbani, na zaidi mama anyonyeshaye na mtoto wake. Yafaa basi tulieleze.

Iodini ni nini?

Iodini ni namna ya madini, na wengine huiita madini joto. Iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani. Mbele ya shingo ya kila mtu pana tezi ndogo, ambayo huichukua iodini kutoka katika damu na kuitumia kufanyiza homoni. Homoni hizo ndizo ziendeshazo kazi za mwili, yaani joto lake, nguvu zake, ukuaji wa mifupa, na zaidi ya yote ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Iodini ikipungua, tezi hujitahidi kuikamata ile kidogo iliyopo, na kwa kujitahidi huko huvimba. Uvimbe huo ndio uitwao rovu.

Mbona watu wa milimani huikosa?

Mvua nyingi za miaka mingi huiosha iodini katika udongo wa milimani na kuipeleka baharini. Kwa hiyo samaki wa baharini na mwani wanayo, bali mahindi, viazi na mboga za shamba la mlimani huwa nayo haba. Madaktari waliowapima watu wa Kenya katika miaka ya 1960 waliona rovu kwa wingi katika nyanda za juu.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika milima ya Uswisi. Mwaka 1918 Daktari Otto Bayard aliwapa jamaa kadhaa wa kijiji cha Grächen chumvi iliyotiwa iodini kidogo sana, na baada ya miezi michache marovu yao yakaanza kunywea. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kuuza chumvi ya namna hiyo. Nchi nyingine zikafuata. Hapa Kenya sheria imeamuru tangu mwaka 1978 kwamba chumvi ya chakula itiwe iodini.

Mama na maziwa yake

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate mikrogramu 150 za iodini kila siku. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa hiyo iodini yote aihitajiyo mtu tangu kuzaliwa hata uzee wake haijazi kijiko kimoja cha chai. Ni kidogo mno, lakini haina badala.

Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi, yaani mikrogramu 250 kwa siku. Sababu ni nyepesi kufahamu: mama huyo anakula kwa ajili ya watu wawili. Matiti yake huivuta iodini kutoka katika damu na kuitia katika maziwa. Mtoto mchanga huhitaji mikrogramu 90 kila siku, na tezi yake ndogo haina akiba ya kutosha. Kwa muda wa miezi 6 ya kwanza, akinyonya tu kama ipasavyo, hana mahali pengine pa kuipata ila katika maziwa ya mama. Mama akipungukiwa, maziwa nayo hupungukiwa.

Hatari ya jambo hili ni kwamba haionekani. Mama aweza kuwa hana rovu, na mtoto aweza kuonekana mnene na mwenye afya, kumbe ubongo wake haupati homoni za kutosha. Miaka kadhaa baadaye mtoto huyo huwa mzito wa kufahamu masomo, na watu humwita mvivu. Upungufu ukiwa mkubwa sana tangu mimba, mtoto aweza kuwa kiziwi, bubu, mfupi na mpungufu wa akili. Ubongo uliokosa homoni wakati wa kukua kwake hauwezi kutengenezwa baadaye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu haujengeki.

Mambo ya kufanya

1. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina iodini. Magadi ya kupikia mboga si badala yake.

2. Iweke katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jua, mvuke na moto, kwa maana iodini hupotea. Usiioshe chumvi. Itie chunguni chakula kikaribiapo kuiva.

3. Usizidishe chumvi kwa kudhani utapata iodini zaidi. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai.

4. Samaki wa baharini, maziwa na mayai husaidia pia, kwa mwenye kuvipata.

5. Muhogo mchungu hauna budi kulowekwa na kukaushwa vema, kwa sababu sumu yake huizuia tezi isiipate iodini. Tumbaku nayo hupunguza iodini katika maziwa. Basi mama anyonyeshaye asivute.

6. Dawa ya iodini ya kupaka vidonda isinywewe kamwe, wala mama asijipake matitini bila amri ya daktari. Iodini ikizidi, hudhuru tezi ya mtoto kama vile ikipungua.

Mtoto mchanga akiwa mzito wa kunyonya, akilala kupita kiasi, sauti yake ikiwa ya kukwaruza na choo kikiwa kigumu, apelekwe hospitali upesi. Wako watoto wazaliwao na tezi yenye kasoro ingawa mama alikula vema. Hao hupewa homoni kama dawa, na wakianza mapema hukua vizuri.

Akina baba pia wasiseme kwamba hili ni jambo la jikoni. Mara nyingi wao ndio wenye kutoa fedha ya dukani. Na waangalie pakiti kabla ya kulipa.