Nyumba ya boriti na udongo: Paa hutangulia ukuta

NYUMBA ya miti na udongo ina sifa mbaya machoni pa wengi. Huhesabiwa kuwa makao ya asiye na uwezo wa kununua saruji, na mwenye nyumba ya aina hiyo akipata senti kidogo jambo la kwanza huwa ni kuibomoa. Hata hivyo, katika mwambao wa Pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Kiunga, nyumba hizo zimewahifadhi watu kwa karne nyingi, na zile zilizojengwa kwa kufuata utaratibu huishi miaka mingi kuliko inavyodhaniwa.

Tatizo ni kwamba utaratibu wenyewe unasahaulika. Mafundi waliokuwa wakiujua wanazeeka, nao vijana wengi wamejifunza kazi ya matofali. Matokeo yake ni nyumba zinazosimamishwa harakaharaka, zikapasuka mvua za masika za pili, kisha lawama ikatupiwa udongo.

Kazi huanzia kwenye miti. Mjenzi wa Pwani kwa kawaida hutumia mikoko, ambayo huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na hupangwa madaraja kwa unene wake. Fito ndizo nyembamba kabisa, hazizidi sentimita tatu na nusu. Hufuata pau, zenye sentimita nne hadi saba na nusu, kisha mazio, kati ya nane na kumi na moja. Boriti ina unene wa sentimita kumi na moja na nusu hadi kumi na tatu na nusu. Kuanzia kumi na nne kwenda juu huitwa nguzo. Kila daraja lina kazi yake, na anayenunua boriti pale ambapo mazio yangetosha hupoteza fedha bure.

Kuna aina tisa za mikoko nchini, lakini si zote zinazofaa kwa ujenzi. Mkoko wenyewe, muia na mkandaa ndiyo hupendwa zaidi kwa sababu hunyooka, mbao zake ni ngumu, na mchwa huisumbua kwa nadra kuliko miti mingi ya bara. Mlilana na mkomafi zaidi ni za waunda vyombo na maseremala. Mchu nao hutumiwa zaidi kama kuni. Muuzaji asiye mwaminifu huchanganya, kwa hivyo ni vyema mnunuzi aandamane na mtu anayeitambua miti hata ikiwa imeambuliwa maganda.

Miti ikishafika haisimamishwi siku hiyo hiyo. Huambuliwa gome na kulazwa kivulini, juu ya vipande vya mbao ili isiguse ardhi, hadi ikauke polepole. Iliyoanikwa juani hupinda na kupasuka. Sehemu ya nguzo itakayofukiwa huchomwa kidogo kwa moto hadi iwe nyeusi, kwa kuwa wadudu hawali mkaa.

Ramani ya nyumba ya Kiswahili haihitaji msanifu. Ukumbi hupita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kushoto na kulia. Jiko na choo hukaa uani. Mbele huachwa nafasi ya baraza. Mambo mawili hapa hayana mjadala. La kwanza ni kuchagua mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. La pili ni kuuinua msingi kwa mawe na kifusi, kwa sababu adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni maji yanayourukia kutoka chini.

Mashimo ya nguzo huchimbwa si chini ya dhiraa moja na nusu, na nguzo hushindiliwa kwa mawe. Nguzo za pembeni husimamishwa kwanza, kamba ikavutwa baina yake, ndipo za katikati zikafuata mstari. Juu ya nguzo hulazwa miamba, na juu ya miamba hufungwa makombamoyo yanayopanda hadi kwenye kipeo cha paa. Pau hupita juu yake kwa kukingama. Wa kale walifunga kila kiungo kwa kamba za makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa miezi kadhaa kwenye mchanga wenye maji, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa. Misumari ni ya haraka zaidi, ila huupasua mti mkavu na hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi. Kamba hulegea kidogo upepo unapovuma, kisha hurudi.

Sasa ndipo mahali ambapo wengi hukosea. Fundi asiyejua hujaza udongo kwanza, akaezeka baadaye. Utaratibu wa asili ni kinyume: paa hukamilika kabla ya donge moja la udongo kuguswa. Sababu iko wazi. Ukuta mbichi ukipigwa na jua kali hukauka nje huku ndani ungali na maji, ukapasuka. Ukinyeshewa, huporomoka. Chini ya paa hukauka kwa kivuli na upepo, pole pole, kwa wiki kadhaa. Mwenye haraka ya kuhamia hulipa gharama ya haraka hiyo.

Kuhusu paa lenyewe, makuti hutaka mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yateremke kabla ya kupenya. Kila kuti lililoshonwa kwenye ufito wake hufungwa likilifunika la chini, na kuachana kwa vidole vinne hadi sita tu. Anayeyatawanya ili kubana matumizi atayabadilisha mapema. Upenu urefushwe vya kutosha kuzikinga kuta. Mabati nayo hudumu zaidi na hayashiki moto, jambo ambalo si dogo katika mitaa iliyosongamana, lakini joto lake la mchana halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala chini yake mwezi wa Februari.

Kiambaza husukwa kwa fito, zikifungwa kwa kulala ndani na nje ya nguzo, hivi kwamba baina yake hubaki uwazi. Katika uwazi huo hutiwa udongo uliochanganywa na mawe madogo. Udongo unaofaa ni mwekundu wenye kushikana. Njia rahisi ya kuupima ni kufinyanga tonge na kulianika: likipasuka, udongo unataka mchanga, likimung'unyika, mchanga umezidi. Nyasi zilizokatwakatwa husaidia kuuzuia kupasuka. Udongo hulowekwa, ukaachwa usiku kucha, ukakanyagwa kwa miguu hadi uwe laini. Kwa desturi siku ya kukandika ilikuwa ya ujima, majirani wakija na mwenye nyumba akipika.

Nyufa za kwanza si ajabu. Hutomewa kwa vijiwe na udongo laini, kisha ukuta hupakwa lipu ya chokaa. Hapa pana kosa jingine la siku hizi: kupaka saruji juu ya udongo. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke, ilhali udongo hutanuka na kunywea. Baada ya muda lipu hutengana na ukuta, maji yakaingia kwa nyuma yasipate pa kutokea, na siku moja bamba zima likaanguka. Chokaa huupumzisha ukuta, tena hurekebishika kwa mkono.

Boriti hizo hizo ndizo zilizoupa Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, umbo lake. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu, kwa kuwa dari na sakafu ya juu hubebwa na boriti, na boriti ikivutwa zaidi ya hapo hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa.

Kikwazo cha leo ni upatikanaji wa miti. Mikoko imekuwa msitu wa hifadhi ya serikali tangu 1932. Biashara ya kuisafirisha kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ilipigwa marufuku mwaka 1982, na mnamo Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa Lamu walijikuta bila kazi hadi waliporuhusiwa tena baadaye. Kenya ina takriban hektari 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu zikiwa Lamu. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huwapa wanakijiji mapato ya hewa ya kaboni kwa miti iliyoachwa imesimama, kwa hivyo mjenzi wa huko hawezi kutarajia kujikatia nyuma ya nyumba.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, ukataji huhitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Mnunuzi adai kuonyeshwa karatasi hizo kabla ya kulipa, la sivyo shehena yake inaweza kunaswa njiani. Asiyepata mikoko hutumia mvinje, unaopandwa mashambani kote Pwani na hunyooka vizuri. Mvinje, hata hivyo, huliwa na mchwa upesi ukifukiwa ardhini, kwa hivyo ufae kwa makombamoyo na miamba, nazo nguzo za chini ziwe mikoko au zisimamishwe juu ya vikuta vya mawe.