Hadithi Isiyojulikana Mwisho Wake

Kutamba hadithi unakujua. Mtambaji husema "Paukwa!", watoto huitikia "Pakawa!", na tangu hapo neno ni lake mpaka mwisho. Sungura atakavyoponyoka yeye anajua tangu mwanzo. Sasa fikiri mtambaji anayefika penye mlango wa pango, akanyamaza, akawageukia wasikilizaji: "Haya, mmefika mlangoni, na ndani mnaona moshi. Mnafanya nini?" Naye hajui watajibu nini.

Mchezo wa namna hiyo upo. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa kisanduku chenye vitabu vidogo vitatu, wakauita Dungeons & Dragons, yaani Magereza ya Chini ya Ardhi na Majoka. Visanduku vya kwanza vilikuwa 1,000 tu. Leo mchezo huo unachezwa katika nchi nyingi. Watu wanne au watano huketi mezani. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, labda askari au mwizi, na nguvu zake na akili zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao hana mtu wake. Huyo ndiye mwendeshaji. Yeye ndiye macho na masikio ya wenzake, tena ndiye bawabu, mwenye duka, mvua, na joka lenyewe.

Labda utauliza: Ikiwa mmoja huamua yote, mchezo uko wapi? Uko kwenye dadu, yenye nyuso ishirini. Mchezaji akisema anauruka ukuta, mwendeshaji hutaja ugumu wake: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la kadiri, 20 kwa gumu. Mchezaji hutupa dadu, huongeza kile ambacho mtu wake amejaliwa, na akiifikia hesabu, ameruka. Lakini usiitishe dadu kwa kila kitu. Mlango usiofungwa hufunguliwa tu.

Maandalio ndiyo yanayowashinda wengi. Mwendeshaji mgeni huandika kisa chote, kurasa kumi, halafu wachezaji wanakwenda kushoto naye alitaka waende kulia. Hapo huanza kuwasukuma, nao hununa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Minnesota, David Wesely alitayarisha mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, akampa kila mchezaji cheo chake mjini. Kumbe wakaanza kunong'onezana na kupanga njama ambazo yeye hakuziwazia. Alidhani umeharibika. Wenzake wakamwomba aufanye tena! Arneson alikuwa miongoni mwao, na mbegu ya mchezo wa 1974 ilitoka humo.

Basi, usiandae watakayoyafanya wachezaji. Andaa wanayoyataka wale watakaowakuta. Chukua mto ambao daraja lake limevunjika. Mwenye mtumbwi anadai nauli mara tatu. Kwa nini? Mwanawe ametekwa na majambazi ng'ambo ya pili, naye anakusanya fidia. Ukishajua hilo, wachezaji wakimlipa, wakimtisha, wakimwibia mtumbwi usiku, au wakimuuliza tu kwa upole ana shida gani, wewe unalo la kujibu. Andika pia jambo litakalotokea wasipofanya lolote: mtoto atapelekwa mbali. Andika na majina kumi ya akiba, maana wachezaji huuliza jina la kila mtu, hata la mbwa. Andalio la somo, tulilofundishwa chuoni, lilikuwa refu kuliko hilo.

Mamlaka hayo yana hatari yake. Mtu wa kubuni aliyechezwa miaka miwili akifa, mwenyewe huumia kweli. Mwaka 1975 Gygax alitunga Tomb of Horrors, kaburi lililojaa mitego ya kuua, kwa ajili ya mashindano. Kwa mashindano ni sawa. Nyumbani, mwendeshaji anayekuja kuwashinda wenzake ni kama refa anayefunga mabao. Wengine nao hutupa dadu kwa siri na kugeuza hesabu ili wasimhuzunishe mtu. Mimi sikubali. Kama huwezi kuvumilia jibu la dadu, usiiitishe.

Katika miaka ya 1980 wazazi wengi Wakristo huko Marekani waliuogopa mchezo huu kwa sababu ya mashetani na uchawi vilivyomo vitabuni. Mashetani unaweza kuyaacha nje, na mchezo ukaendelea. Jambo lililo zito zaidi ni watu waliopo mezani. Kabla ya siku ya kwanza, uliza kila mmoja, faraghani, jambo asilotaka kulisikia. Ikiwa mmoja amezika mtoto mwaka huu, yule mwana wa mwenye mtumbwi na awe ng'ombe aliyeibiwa. Na yuko mmoja daima asiyesema, kwa sababu mwenye sauti kubwa amekwisha kusema. Mwite kwa jina la mtu wake, umuulize yeye anafanya nini, kisha subiri. Kimya cha namna hiyo kisikutishe.

Mkimaliza, kabla ya kulala, andika mambo yaliyoahidiwa. Mwenye mtumbwi aliambiwa kwamba mwanawe ataletwa kabla mwezi mpya haujaandama. Andika hilo, na jina la aliyeahidi. Juma lijalo atakuwa amesimama ukingoni, akiuliza.