Januari Ikifika, Karo Iwe Tayari: Jinsi ya Kuweka Lengo na Kulitimiza

Sote tunaijua Njaanuari. Sikukuu zimeisha, mfuko umekauka, na shule ndizo hizo zinafunguliwa. Pengo la karo linazibwa kwa mkopo, na mkopo huo unakula mapato ya Februari na Machi. Halafu tunaapa: "Mwaka huu nitaweka akiba mapema."

Mbona huwa hatufiki? Mara nyingi si uvivu. Ni kwamba "nitaweka akiba" haina kiasi, haina tarehe, na pesa yenyewe haina pa kukaa.

Tuchukue mfano wa mama mboga ambaye mtoto wake anaingia shule ya bweni Januari. Amepiga hesabu ya karo, sare, godoro na sanduku, akapata pengo la shilingi 18,000. Sasa ni katikati ya Septemba, amebakisha wiki 15. Shilingi 18,000 zinatisha. Lakini ukizigawa, ni 1,200 kwa wiki. Akifungua kibanda siku sita, ni 200 kwa siku. Hiyo anaweza kuipambania.

Fanya hivi

1. Lipe lengo jina. Usiseme "akiba", sema "Karo ya Januari". Siku ukitaka kuchomoa mia tano, utajua unamchomolea nani.

2. Weka kabla ya kutumia. Ukingoja kinachobaki, hakibaki kitu. Chagua saa moja kila siku, kwa mfano ukishafunga kibanda tu, kabla hujafika nyumbani.

3. Itoe pesa njiani. Ikikaa kwenye salio la kawaida, itaenda na tokeni za stima na bando. Ihamishe kwenye akaunti ya akiba, ama ile inayofungwa hadi tarehe fulani. Kabla ya kufunga, soma masharti: ukipata dharura, unaweza kuitoa? Baada ya muda gani? Utapoteza riba?

4. Kama umefuliza, lipa deni kwanza. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa, na kadiri linavyokaa ndivyo ada inavyoongezeka. Ni vigumu kujaza ndoo inayovuja.

5. Mwambie mtu mmoja. Anaweza kuwa mwenzako wa chama, dada yako au jirani wa kibanda. Mwombe akuulize kila Jumamosi, "Umefika wapi?"

Na ukikosa wiki moja?

Hapa ndipo wengi wetu huachia. Mtoto ameugua, ama mvua imefukuza wateja, na wiki nzima hujaweka hata shilingi. Unasema, "Basi, imeharibika."

Haijaharibika. Tuseme mama mboga wetu amekosa wiki ya tano. Zimebaki wiki 10. Ile 1,200 ikigawanywa, ni 120 zaidi kwa wiki, yaani shilingi 20 kwa siku. Badala ya 200, anaweka 220. Aliyekosa wiki moja akarudi atafika. Aliyeacha ndiye atakayekopa Januari.

Leo kabla ya kulala, andika mambo matatu: unataka nini, ni pesa ngapi, na mwisho ni tarehe gani. Kisha weka ya kwanza, hata kama ni shilingi 50.

Na kumbuka: PIN ni siri yako. Hatutawahi kukupigia simu kukuuliza.