Kipindupindu: Mgonjwa Asinyimwe Maji

Bakteria wa kipindupindu huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu inayozilazimisha seli zake kumwaga maji na chumvi. Hivyo mgonjwa aweza kufa kwa kukaukiwa maji katika muda wa saa chache.

Wapo wanaomnyima maji wakidhani yatazidisha kuhara. Tusifanye hivyo. Sumu hiyo haiuzuii utumbo kufyonza sukari pamoja na chumvi, navyo huvuta maji kuyarudisha mwilini. Tumpe ORS, ikikosekana, tukoroge vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visivyojaa kupita ukingo, katika lita 1 ya maji safi. Tumnyweshe kidogo kidogo, huku tukimwahisha hospitalini.